Jeanne wa Toulouse

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika. Umeniuliza ule msalaba uliouona kwenye sakafu ya uwanja wa Capitole, hapo Toulouse unapofanya kazi, ni wa nani, na wenyewe walipotelea wapi. Ni alama ya watawala wa Toulouse, mama. Wa mwisho wa damu yao kutawala alikuwa mwanamke, Jeanne.

Alizaliwa mwaka 1220, mtoto pekee wa Raymond VII, mtawala wa Toulouse. Tangu 1209 nchi yao ilipigwa vita kwa ajili ya Wakathari, waliohesabiwa wazushi wa dini. Mwaka 1229 Raymond alisalimu amri, na mkataba aliotia sahihi Paris ndio unaoniuma. Binti wa miaka tisa aposwe na Alphonse, ndugu wa Louis IX, mfalme wa Ufaransa. Akalelewe ukweni. Baba akifa, Toulouse iwe ya hao wawili. Wasipozaa, ichukuliwe na mfalme. Hata Raymond akipata mtoto mwingine, huyo asidai Toulouse. Kwetu mwenye kuoa ndiye hutoa mahari. Hapa mzazi alitoa binti, na nchi juu yake.

Raymond alimwacha Sancha, mama yake Jeanne, akahangaika kutafuta mke wa kumzalia wa kiume. Hakumpata. Alifariki 1249.

Jeanne na mumewe hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1270 walisafiri na mfalme kwenda kupigana Tunis, na kabla ya safari Jeanne aliandika wasia. Hapo, mwanangu, ndipo ninapomsikia yeye mwenyewe. Ardhi ya wazee wake aligawa sehemu kwa jamaa zake, akiwemo Philippa de Lomagne, kama mtu anayegawa chake.

Agosti 1271, wakiwa njiani kurudi, Alphonse alifia Italia, na Jeanne akamfuata siku chache tu baadaye. Maofisa wa mfalme mpya, Philippe III, waliingia Toulouse mwaka huohuo. Philippa alipodai alichoachiwa, mahakama ya mfalme huko Paris ilimkatalia.

Alphonse alizikwa Saint-Denis, kwenye makaburi ya wafalme. Jeanne alilazwa peke yake Gercy, karibu na Paris, katika nyumba ya watawa wa kike aliyoianzisha pamoja na mumewe. Mbali na Toulouse.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako