Gramu na Gharama: Majibu kwa Warushaji wa Ndege za Mfano

Ndege yangu ya umeme ya daraja la F3A, la sarakasi za ndege zinazoongozwa kwa redio, imezidi uzito kwa gramu 60 na kukataliwa. Ya mwenzangu ya mafuta imepita, ingawa ikipaa naamini ni nzito kuliko yangu. Je, nimeonewa?

Mpimaji hajakuonea, kanuni yenyewe ndiyo inayoelemea upande mmoja. Kikomo kilichozoeleka kwa miaka mingi katika sarakasi za F3A ni kilo 5, urefu wa mita 2 na upana wa mabawa mita 2. Ndege ya mafuta hupimwa tangi likiwa tupu. Ya umeme hupimwa ikiwa na betri zake. Betri ya seli 10, inayofika volti 42 ikijaa, mara nyingi inapita kilo 1 peke yake, kwa hiyo sehemu ya tano ya ruhusa yako imekwisha kabla hujaunganisha ubao wa kwanza. Mwenzako akishapita mizanini anajaza tangi na kupaa na gramu mia kadhaa ambazo hazikuhesabiwa.

Na hapa ndipo fedha inapopotelea. Mrushaji anayetaka kuokoa gramu hununua betri ya uwezo mdogo. Betri hiyo hukamuliwa karibu hadi mwisho kila mruko, inachoka mapema, naye analazimika kununua nyingine. Kisha anabadilisha miguu ya kutulia, bomba la bawa, hata skrubu, kila kitu kwa bei ya juu kwa sababu ni chepesi. Wanaoitetea kanuni husema mafuta huisha angani ilhali betri hutua na uzito uleule. Ni kweli, lakini majaji hutoa alama kwa mruko mzima, na mruko huanza tangi likiwa limejaa. Kwa maoni yangu, ndege za umeme zinastahili nyongeza ya uzito.

Basi kwa nini kikomo kisipandishwe kwa wote, yaishe?

Kwa sababu hayataisha. Aliye na ndege ya zamani atapumua msimu mmoja au miwili. Wabunifu nao wataitumia nafasi hiyo: kiwiliwili kirefu zaidi kwenda juu, bawa la pili, propela mbili zinazozunguka kinyume. Vyote hivyo vinaongeza uzito na bei, na vyote vinaenea ndani ya mita 2 zilezile. Mimi ningewaomba waandaaji waweke mizani kando katika madaraja ya wanaoanza tu. Huko anayeshinda ni yule anayechora duara zuri angani, na gramu 200 za ziada hazimsaidii yeyote kulichora.

Je, uzito wa chini kabisa, kama ule wa ndege zinazoruka bila kuongozwa, hauwezi kushusha gharama?

Unasaidia kiasi. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, zinataka ndege ya F1A, inayovutwa kwa kamba, isipungue gramu 410. Ya F1B, inayosukumwa na mpira uliosokotwa, isipungue gramu 200 bila mpira, na mpira wenyewe usizidi gramu 30. Aliyejenga chini ya hapo lazima aongeze vipande vya madini ya risasi, kwa hiyo hakuna faida ya kulipia wepesi kupita kiasi. Lakini fedha imehamia kwingine: mabawa ya kaboni yasiyopinda, ndoano za kurushia, propela zinazobadili pembe zikiwa angani.

Kinachobana mfuko vizuri zaidi, nionavyo, ni kanuni ya malighafi. Daraja la F3L, la ndege zisizo na injini zenye mabawa yasiyozidi mita 2, linataka bawa lijengwe hasa kwa mbao. Uti wa kaboni unaruhusiwa, ganda zima la kaboni haliruhusiwi. Mtu mwenye kisu kikali, gundi na subira anaweza kushindana humo.

Nipunguze wapi gramu bila kununua kitu?

Anza mkiani. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito kuliko pua, kwa hiyo gramu 1 ya ziada kule inaweza kudai 2 au 3 mbele ili ndege isawazike. Chagua mbao nyepesi kwa ajili ya mkia kwanza, zile nzito zipeleke karibu na bawa. Pima kila kipande kabla ya kukigundisha na uandike. Futa gundi iliyofurika kabla haijakauka, fupisha nyaya, na rangi ipake mkono mmoja. Tabaka la pili la rangi ndilo uzito ambao watu wengi husahau kuuhesabu.

Kanuni hubadilika, kwa hiyo pata toleo jipya kabla hujakata ubao. Usiikate ndege yako miguu ya kutulia kwa namba ya mwaka juzi.