Maswali ya Wasomaji: Juni Jijini Toronto

SWALI: Ndugu Mhariri, nilihamia Toronto kutoka Tanga wakati wa baridi, na sasa ninafanya kazi karibu na Mtaa wa Church. Tangu Juni ianze, mtaa mzima umepambwa kwa bendera za rangi za upinde wa mvua. Wenzangu kazini wanasema kwamba tamasha la Pride, yaani la wapenzi wa jinsia moja na wenzao, lilizaliwa baada ya polisi kuwakamata watu mwezi wa Februari. Kama ni hivyo, mbona husherehekewa Juni? Na je, mtu asiye wa jamii hiyo anaruhusiwa kuhudhuria?
Msomaji, Toronto

JIBU: Wenzako wamesema kweli, ila wamekupa nusu ya habari. Usiku wa tarehe 5 Februari 1981, polisi wa Toronto walivamia kwa mpigo nyumba nne za kuogea kwa mvuke zilizotumiwa na wanaume wapenzi wa jinsia moja, wakawakamata watu wapatao 300, wengi wao kwa sheria iliyotungwa dhidi ya madanguro, ingawa tangu 1969 mapenzi ya faragha baina ya watu wazima wawili hayakuwa tena kosa la jinai nchini Kanada. Usiku uliofuata, watu wapatao 3,000 waliingia barabarani kupinga. Hasira hiyo ndiyo iliyowakusanya watu katika bustani ya Grange tarehe 28 Juni mwaka huohuo, na ndipo tamasha likazaliwa.

Tarehe yenyewe iliazimwa New York, ambako alfajiri ya 28 Juni 1969 wateja wa Stonewall Inn, baa ya wapenzi wa jinsia moja, waliwakatalia polisi waliokuja kuwakamata, na mwaka mmoja baadaye maandamano ya kwanza ya kumbukumbu yakafanyika. Toronto ilikuwa na kisa chake, lakini ikafuata kalenda ya jirani. Na kusema kweli, nani angekaa bustanini Februari katika jiji hili?

Kuhudhuria ni ruhusa kwa kila mtu, na gwaride la Jumapili halina kiingilio. Malori yaliyopambwa hupita Mtaa wa Yonge huku watazamaji wakirushiana maji kwa bastola za plastiki, kwa hiyo viatu vya ngozi viache nyumbani. Hata hivyo, mimi ningekushauri uanze na sanaa ya jamii hiyo, kwa sababu wengi huona gwaride tu wakadhani wameona yote. Hatua chache kutoka Mtaa wa Church, katika Mtaa wa Alexander, kuna ukumbi wa Buddies in Bad Times, kundi la maigizo lililoanzishwa 1979, yaani miaka miwili kabla ya uvamizi ule. Tamasha la filamu la Inside Out, lililoanza 1991, hutangulia gwaride kwa wiki kadhaa. Nayo hifadhi ya nyaraka iitwayo The ArQuives imekusanya magazeti, barua na mabango tangu 1973. Kwa maoni yangu, asiyejua hayo hawezi kuelewa kwa nini mwaka 2016, siku chache tu baada ya mkuu wa polisi kueleza majuto kuhusu uvamizi wa 1981, wanaharakati wa Black Lives Matter, harakati ya kutetea watu weusi, walilisimamisha gwaride wakidai, pamoja na mambo mengine, kwamba magari ya polisi yasishiriki tena.

SWALI: Je, ninaweza kupiga picha na kuzituma kwenye kundi letu la WhatsApp la nyumbani?
Msomaji, Mississauga

JIBU: Malori, bendera na kivuko cha waenda kwa miguu chenye rangi za upinde wa mvua pale Church na Wellesley vipige upendavyo. Nyuso za watu ni jambo jingine, kwa kuwa miongoni mwa waandamanaji wamo waliokimbia Uganda, ambako sheria ya 2023 imeweka kifungo cha maisha kwa tendo la ndoa baina ya watu wa jinsia moja, na hata adhabu ya kifo katika baadhi ya mazingira, na ndugu zao bado wako huko. Picha hutoka kundi moja hadi jingine kabla hujalala. Omba ruhusa kwanza, ukieleza unakoipeleka, na mtu akikataa usimdai sababu.