Amina 41, simu hata moja

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Miezi mitatu yuko kitandani, kanisani hawezi kwenda, na imani yake anaiona inachuja kama nguo iliyosahaulika juani. Nilisoma mara mbili, nikaweka simu chini. Maneno yale ningeweza kuyaandika mimi.

Mwaka 2022 nilifanyiwa upasuaji wa mgongo, nikalala ndani miezi mitano. Mambo ya ibada nyumbani sikuwa mgeni nayo. Corona ilipofunga milango ya kanisa letu mwaka 2020, mimi ndiye niliyewafundisha nusu ya washirika kufungua ibada mubashara kwenye simu. Nilijiona mtaalamu. Basi Jumapili ya kwanza nikaegemeza simu kwenye jagi la maji, Biblia kifuani, nikajua nimemaliza kazi. Kumbe! Mdomo wa mchungaji ulitangulia, sauti ikafuata. Kisha picha ikaganda mkono wake ukiwa juu. Jumapili ya tatu nikajikuta nakata kucha katikati ya sala ya toba. Ya tano sikuwasha kabisa.

Nikaandika kwenye grupu la kanisa kuomba maombi. Nilihesabu: "Amina" 41, nyingine na emoji za mikono. Simu hata moja. Aliyebisha hodi, hakuna. Niliporudi ibadani na mkongojo wangu, kiongozi mmoja akanishika mkono: "Tulikuwa tukikuombea." Nikatabasamu. Nimesamehe, ila sijasahau, na Mungu anajua.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mzee wa kwaya, sauti ya pili, asiyejua hata kutuma picha. Kwenye grupu hayumo. Habari zangu alizisikia kwa jirani. Akawa anapiga kila Jumatano saa 12 jioni. Salamu fupi, halafu: "Mwanangu, tulikomea ubeti wa ngapi?" Tunapokezana beti, yeye akichelewa nusu mstari, mimi nikiimba nimelala chali. Anasoma zaburi, naomba, anaomba, anakata kabla vocha haijaisha. Dakika kumi na tano tu. Imani yangu ilirudia mlango huo.

Kwa hiyo wapendwa, ibada msiitazame, ishirikini. Imba kwa sauti hata kama anayesikia ni ukuta. Tafuta mtu mmoja na saa moja isiyobadilika. Habari ya Meza ya Bwana muulize mchungaji wako, maana makanisa hayafanani: Wakatoliki wana komunyo ya kiroho, wengine huruhusu mkate nyumbani, wengine hukuletea kitandani. Lakini mtu mmoja na saa moja, hilo halina dhehebu.

Wala si jambo jipya. Paulo alipokuwa kifungoni, Wafilipi hawakumtumia salamu tupu. Walimtuma Epafrodito na msaada mkononi, naye akaugua karibu kufa. Huko Japani Ukristo ulipigwa marufuku mwaka 1614. Wakristo wa kijiji cha Urakami, jirani na Nagasaki, walikaa zaidi ya miaka 200 bila padri, hadi walipojitokeza kwa padri Mfaransa pale Nagasaki mwaka 1865. Waliwezaje? Waligawana kazi: mmoja alitunza kalenda ya sikukuu, mwingine alibatiza, mwingine akapita nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Huyu wa nyumba kwa nyumba ndiye tuliyempoteza, tukabaki na wa kuforwadi mistari ya asubuhi. Mtu ana simu, ana vocha, ana miguu miwili mizima, anaandika Amina na kupita! Tutamjibu nini Yule atakayeuliza nani alikuja kumtazama alipokuwa mgonjwa?

Dada yangu, Jumatano saa 12 jioni nitakupigia. Chagua wimbo, ubeti wa kwanza ni wako. Nitachelewa nusu mstari, nimerithi. Na wale 41, kama mnasoma hapa, namba yangu haijabadilika.