Kompyuta ya Linux Inapokataa Kulala

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikifunika kompyuta yangu ya mpakato inayotumia Linux, naitia mkobani, kisha naitoa baada ya saa mbili ikiwa ya moto, feni inavuma na betri imekaribia kuisha. Nilibadilisha mipangilio kwa kubahatisha, leo huu, kesho ule, hadi nikasahau nilichokigusa. Kwa hiyo namsihi mwenye tatizo kama hili asiguse chochote kabla hajajua kama mashine ilishindwa kulala (kusitisha kazi ili isile betri), ililala ikaamshwa, au ililala isiweze kuamka.

Jibu hupatikana kwa amri ya journalctl -k, inayoonyesha kumbukumbu za kerneli, yaani kiini cha Linux. Kwangu, mstari wa "PM: suspend entry" ulifuatwa na "PM: suspend exit" sekunde chache tu baadaye, maana yake kuna kitu kilichokuwa kikiiamsha. Nilipofungua /proc/acpi/wakeup, ambamo vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha mashine vimeorodheshwa, nilikuta XHC, yaani kidhibiti cha USB, kimeruhusiwa. Kuliandika jina hilo ndani ya faili hilohilo, kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine), huiondoa ruhusa. Lakini kompyuta ikiwashwa upya ruhusa hurudi, ndiyo maana nililazimika kuandika huduma ndogo ya systemd, mfumo unaoanzisha na kuendesha huduma za Linux, ya kurudia kazi hiyo kila inapowaka.

Ikiwa mashine hulala na kubaki na skrini nyeusi hadi uizime kwa nguvu, soma journalctl -b -1, ambayo ni kumbukumbu ya uwashaji uliotangulia. Angalia pia /sys/power/mem_sleep: neno lililo ndani ya mabano ya mraba, s2idle (usingizi mwepesi) au deep (usingizi mzito), ndiyo aina ya usingizi inayotumika, na mara nyingine kubadilisha aina kunatosha.

Amri ya systemctl hibernate, inayohifadhi kazi zako kisha kuizima mashine, ina masharti yake, kwa kuwa yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye swapu (nafasi ya akiba ya kumbukumbu) iliyo diskini; swapu ya zram haifai, kwani yenyewe imo ndani ya RAM. Mimi niliumba upya kizigeu cha swapu, yaani sehemu ya diski iliyotengewa swapu, UUID yake (namba ya utambulisho) ikabadilika, na kila nilipowasha nilipokewa na dawati tupu, kazi zote zimepotea. Kigezo cha resume=, kinachoiambia kerneli ilipo swapu ya kurejesha kazi, kilikuwa bado kinaelekeza kwenye UUID ya zamani. Nilikirekebisha katika mipangilio ya GRUB, programu inayoipakia Linux, nikaunda upya initramfs (mfumo mdogo unaotangulia wakati wa kuwaka), na jioni ile madirisha yangu yote yalirudi kama nilivyoyaacha.