Usimuache mwenzio, gawaneni maamuzi

Mdogo wangu wa Ujiji pole, yani we unaandika programu mwenzio anachora na kubuni hatua za hiyo gemu yenu ya mitumbwi ya dagaa, sasa kila mtu anataka neno lake ndo liwe la mwisho. Usimuache aisee! Cheki John Carmack na John Romero waliotoa gemu ya Doom 1993, mmoja fundi wa injini, yani ile programu inayoendesha gemu, mwingine mbunifu wa ramani, wakafanya makubwa kwa sababu walikuwa pamoja, japo 1996 wakatengana. Kaeni mkubaliane, kwenye programu unaamua we, kwenye ubunifu yeye, na mgao wa hela muandike sasa hivi kabla hata mia haijaingia. Halafu siku zingine nendeni zenu Kibirizi mkapige stori, gemu msiiguse kabisa.