Bugenvilia juu ya mawe ya volkano: maswali ya wasomaji wa Goma

Parseli yangu iko kata ya Virunga, pale lava ya 2002 ilipopita. Ni jiwe tupu. Bugenvilia itashika kweli?

Itashika, mama, na huenda ikapendeza kuliko ya mwenye udongo mzito. Mizizi yake haipendi kukaa kwenye maji, na lava hupitisha maji upesi. Kazi kubwa ni shimo. Tafuta mahali penye ufa au mawe yaliyolegea, mwite kijana mwenye mtaimbo, mpate kina cha nusu mita na upana huohuo. Jaza udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyooza na kokoto ndogo za lava. Mtu wa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili la kubebea mizigo, atakuletea magunia mawili matatu ya udongo. Mwelewane bei kabla hajapakia. Jiwe likikataa kabisa, panga mawe mduara juu yake, ujaze udongo katikati.

Siku ya kupanda ndiyo ya kuogopa. Mizizi ya bugenvilia ni dhaifu, na ukiuvuta mche kutoka kwenye mfuko inakatika isionekane, wiki ya pili unasikia mche umekauka. Pasua mfuko kwa wembe, uushushe mche na udongo wake wote.

Yangu ina miaka mitatu, majani tele, maua hakuna. Naimwagilia kila jioni, naitia na mbolea ya kuku. (Himbi)

Papa, unaidekeza. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni hukuza majani. Ukiongeza na maji ya kila siku, mti utatoa maua ya nini? Acha mbolea hiyo, na usimwagilie mpaka udongo uwe mkavu ukichomeka kidole. Kwa bei ya bidoni la maji hapa Goma, hata mfuko utashukuru. Bugenvilia hupenda kuchanua mvua ikikatika, kwa hiyo ipe nafasi kiangazi cha Juni hadi Agosti. Iwe na jua la saa sita kwa siku. Kama mparachichi wa jirani umeifunika, mengine yote ni bure. Ikimaliza kuchanua ipunguze matawi, kwa sababu maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Vaa glovu, miiba yake haina urafiki.

Ni kweli lile ua la rangi si ua?

Kweli. Zile karatasi tatu ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kijibomba cheupe cha katikati. Asili yake ni Amerika Kusini.

Naweza kuotesha tawi la jirani?

Omba kwanza! Chagua tawi lililoanza kukomaa, unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20. Ondoa majani ya chini, lichomeke nusu yake kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Weka matawi kadhaa, maana mengine hukataa. Rangi hufuata mama yake, basi usichukue zambarau iliyojaa kila ukuta wa mji huu kama kuna ya machungwa mtaa wa pili.

Baada ya mvua, majani yamepata madoa kama ya kuungua. Nipulize dawa gani?

Usipulize kitu bado. Geuza majani uangalie upande wa chini. Kama hakuna mdudu, huenda ni moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo: gesi yake ya salfa huchanganyika na mvua ikawa na asidi, ikaunguza majani. Suuza mmea kwa maji safi, kata yaliyoharibika sana, usubiri machipukizi.