Skrubu kwenye kifundo cha mkono: usiguse nyundo kabla ya skani

Jumatatu usiende kazini. Umeandika kwamba ulianguka na boda, ukawekewa skrubu kwenye mfupa wa skafoidi, sasa ni wiki sita na mkono hauumi tena. Unauliza kama unaweza kurudi kwenye kazi ya kunyoosha mabati pale Kamukunji, Nairobi, kama skrubu itatolewa, na kama SHA, bima ya afya ya serikali, italipia kliniki zilizobaki. Hilo la Jumatatu ndilo limeninyima usingizi, kwa hiyo nalijibu hilo tu.

Skafoidi ni ule mfupa mdogo ulio chini ya kidole gumba. Sehemu kubwa ya damu yake huingilia upande wa vidoleni, halafu inarudi nyuma. Ukivunjika katikati, kipande cha nyuma kinabaki na damu haba, ndiyo maana unachelewa kuunga. Mkono wako hauumi kwa sababu skrubu imevibana vile vipande visisuguane. Kama vimeungana au la, hakuna anayejua bado, hata wewe mwenyewe.

Mimi pia nilivunjika mfupa huohuo nikawekewa skrubu, nikaambiwa na mhudumu wa kliniki moja ya mtaani, "Kama hauumi umepona, nenda utafute unga." Eksirei aliiinua tu dirishani akairudisha kwenye bahasha. Hakuuliza nafanya kazi gani. Hakuniambia kwamba eksirei ya kawaida, wiki za mwanzo, inaweza kuonekana safi na mfupa haujaunga. Mpaka leo nina hasira na mtu yule. Anayenyoosha bati kutwa nzima, kila pigo la nyundo linamrudia kwenye kifundo, na mtu wa hospitali alipaswa kulifikiria hilo kabla ya kunifungulia mlango.

Na mkono wangu haukuharibika siku moja. Kwanza ulikuwa mlio mdogo nikizungusha ufunguo kwenye kufuli. Baadaye nikawa siwezi kusonga ugali, mwiko unasimama katikati ya sufuria. Kumbe skrubu imelegea, mfupa haukuunga, na mifupa jirani imeanza kuhama mahali pake na kulika. Ukishafika hapo, hakuna daktari atakayekurudishia kifundo ulichozaliwa nacho. Utakachochagua ni hasara ipi uishi nayo.

Mimi skafoidi ilitolewa, na mifupa minne iliyobaki jirani ikaunganishwa kuwa mmoja. Uchungu umepungua sana, namshukuru daktari aliyenipasua. Lakini kifundo kinakunjika karibu nusu tu ya zamani. Nikiinuka kutoka sakafuni najiegemeza kwa ngumi, kwa sababu kiganja hakilali chini. Nyundo nzito nimemwachia kijana wangu. Kuna upasuaji mwingine wa kutoa mifupa mitatu bila kuunganisha chochote. Huo una nafuu ya haraka, ila miaka ikipita mfupa uliobaki huweza kulika pale unapogusana na mfupa wa kigasha, na madaktari wengi husita kumfanyia kijana wa kazi ngumu. Mwisho kabisa ni kufunga kifundo chote kwa bamba la chuma: vidole vinacheza, kiganja kinageuka, lakini kifundo hakikunjiki tena maisha yako yote.

Kwa hiyo mrudie daktari aliyekupasua, yeye mwenyewe, si msaidizi wala rafiki anayejua dawa. Mwambie unapiga bati, mwonyeshe na uzito wa nyundo. Mwombe skani ya CT ya kifundo, ile picha inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande kwa ndani, na uulize mfupa umeunga kiasi gani pale kwenye ufa. Wengi hutaka kuona angalau nusu ya upana imeshikana ndipo wakuruhusu kuanza kubeba, tena kidogo kidogo. Akikwambia ungoje miezi mingine, ngoja. Najua kodi haingoji, nami nilikuwa na watoto shuleni, lakini mwenye karakana anaweza kukupa kazi ya kupaka rangi masanduku kwa mkono ule mwingine. Muulize kesho.

Na kama unavuta sigara, acha leo hii, inachelewesha mfupa kuunga. Ukipata majibu ya skani yaandike hapa, tuyasome pamoja.